Akiba ya pauni 6,000 na hisa za Tencent: naomba ushauri

Kutoka Leicester, Jumapili usiku

Shikamoo wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Naomba ushauri kwa jambo ambalo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni ya zamu, na baada ya miaka mitatu ya kujibana nimefikisha akiba ya pauni 6,000. Mwenzangu wa kazini, ambaye hununua hisa kwa muda mrefu sasa, amenionyesha kwenye simu yake kampuni ya Tencent ya China, akanieleza kwamba hiyo ni kampuni moja yenye biashara nyingi ndani yake: michezo ya simu na kompyuta, mawasiliano, malipo, matangazo, muziki, na huduma za kompyuta kwa makampuni mengine. Hoja yake ni kwamba biashara zikiwa nyingi kiasi hicho, moja ikilala nyingine itaamka, na kwa hiyo fedha yangu itakuwa salama kuliko nikiiweka kwenye kampuni yenye bidhaa moja.

Nyumbani nina kiwanja Kibaha ambacho bado hakijawekwa hata jiwe, na mdogo wangu anaingia kidato cha tano mwezi wa saba, ada yake iko juu yangu. Nilikuwa na wazo la kuiweka akiba yote kwenye hisa hizo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha niitoe ikiwa imeongezeka, nilipe ada na nianze msingi. Kabla sijafanya hivyo nimeona nitangulie kuwauliza ninyi mlionitangulia.

Kutoka Guangzhou, Jumatatu asubuhi

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa.

Mimi niko Guangzhou tangu mwaka 2009, kazi yangu ni kuwanunulia na kuwafungia mizigo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh. Sijawahi kununua hisa, lakini kampuni unayoiulizia ninaishi ndani yake tangu ninapoamka mpaka ninapolala, na nadhani ni vizuri ujue inafanya nini hasa.

Chukua siku ya jana. Mwenye duka la mabomba ya maji alinitumia picha za mzigo mpya kwa WeChat, programu ya mawasiliano ya Tencent, nikazipeleka kwa mteja wangu Dar es Salaam kwa programu hiyohiyo, akanijibu kwa ujumbe wa sauti akitaka punguzo, nami nikarudi kwa mwenye duka. Tulipokubaliana bei, nilielekeza simu yangu kwenye karatasi yenye mraba wa alama nyeusi iliyobandikwa kwa gundi ya plastiki pembeni ya kikokotoo chake, na kabla sijairudisha simu mfukoni, kisanduku kidogo mezani kwake kilitamka kiasi kilichoingia. Kuli aliyenisukumia mzigo mpaka kwenye gari alikuwa na mraba kama huo, umewekwa kwenye plastiki na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Chakula cha mchana, basi, bili ya umeme na miadi ya daktari, vyote nilivifanya humo humo, kwa sababu tangu mwaka 2017 kuna vijiprogramu vinavyofunguka ndani ya WeChat bila kupakuliwa. Miaka ya nyuma mgeni asiye na akaunti ya benki ya China alikuwa anahangaika sana, na wengi wetu tulibeba noti kwenye mifuko ya nailoni. Tangu mwaka 2023 kadi za benki za nje zimefunguliwa mlango mpana zaidi, na wageni wangu wanaokuja kwa wiki mbili sasa wanalipa wenyewe.

WeChat ilianza Januari 2011, na ilitengenezwa hapa hapa Guangzhou na kikosi cha Zhang Xiaolong, ingawa makao makuu ya kampuni yako Shenzhen, ambako Ma Huateng na wenzake waliianzisha Novemba 1998. Mwisho wa mwaka 2024 waliokuwa wakiitumia kila mwezi, pamoja na wale wa toleo la ndani ya China, walikuwa zaidi ya watu bilioni 1.3. Mapato ya kampuni nzima mwaka huo yalifika yuan bilioni 660 hivi. Karibu nusu ilitoka kwenye michezo na vitu vinavyouzwa kwa watumiaji, kama vile muziki na video. Kiasi cha yuan bilioni 212 kilitoka kwenye malipo, huduma za fedha na huduma kwa makampuni. Na matangazo yalileta bilioni 121. Nje ya China wanamiliki kampuni ya michezo ya Riot Games ya Marekani na wana hisa nyingi katika nyingine, Supercell ya Finland, kwa hiyo kijana wako au wa jirani yako huenda anawalipa bila kujua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzako. Biashara ni nyingi kweli, lakini ukiziangalia kwa karibu utaona kwamba sehemu kubwa zinaning'inia kwenye msumari mmoja, nao ni ile desturi ya Wachina kufungua WeChat na QQ, programu nyingine ya mawasiliano ya Tencent, kila baada ya dakika chache. Tangazo linaonekana kwa sababu mtu yumo humo, malipo yanapita kwa sababu mtu yumo humo, na mchezo mpya wa simu unamfikia kupitia rafiki yake aliye humo. Msumari ni imara, nauona kila siku, lakini ni mmoja. Tena zote ziko chini ya serikali moja, na serikali hiyo ikikohoa zote zinatikisika. Agosti 2021 ilitoka amri kwamba mtoto chini ya miaka 18 acheze michezo ya mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili na siku za sikukuu. Kwa mzazi ni amri nzuri, na jirani yangu Mchina aliifurahia. Mwenye hisa aliipokea kwa namna nyingine.

Kutoka Rotterdam, Jumatatu usiku

Dada wa Leicester, hongera kwa akiba, na mzee wetu wa Guangzhou ahsante sana. Sijawahi kuona mtu akiieleza kampuni hii kwa namna inayoshikika hivyo.

Mimi nimekuwa mwanahisa wake, na nitaeleza yaliyonipata kwa sababu mpango wako unafanana mno na ule niliokuwa nao. Februari 2021 kila mtu alikuwa akiizungumzia Tencent, na bei ya hisa moja Hong Kong ilikuwa imevuka dola 700 za huko. Katika soko la Hong Kong huwezi kununua idadi yoyote ya hisa upendayo. Zinauzwa kwa mafungu, na fungu la Tencent ni hisa 100. Nilinunua fungu moja kwa dola 70,000 za Hong Kong, yaani kama dola 9,000 za Marekani, na fedha hiyo ilikuwa ya kuezekea nyumba ya mama yangu Tanga. Nilijiambia kwamba kuta hazijapanda, kuezeka ni mwakani, basi fedha isikae bure.

Kuta zilipanda. Oktoba 2022 fundi aliniletea picha ya kenchi zikiwa zimesimama, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, na mbao zikilowa kila jioni. Wiki hiyohiyo bei ya Tencent ilikuwa kama dola 220, na mwisho wa mwezi ilishuka hata chini ya 200. Niliuza fungu langu nikapata dola 22,000 za Hong Kong, chini ya theluthi moja ya nilichoweka, nikakopa iliyobaki, na mama akaezekewa. Mwaka 2025 hisa hiyohiyo ilipanda tena juu ya dola 600. Watu huniambia kwamba kosa langu lilikuwa kuuza mapema. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mbao zilikuwa zinalowa na sikuwa na namna ya kuiambia mvua isubiri. Kosa nililifanya siku niliyonunua, nilipochukua fedha yenye tarehe nikaiweka mahali pasipo na tarehe. Ndugu wa Kenya walionunua Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 wanalijua jambo hili: bei ilishuka chini ya hapo na ikakaa huko kwa miaka, na aliyekuwa amekopa ili anunue hakuweza kuisubiri, wakati aliyenunua kwa fedha ya ziada alikuja kufurahi.

Kwa hiyo, dada, ada ya kidato cha tano ina tarehe. Msingi wa Kibaha nao umeupa tarehe wewe mwenyewe uliposema mwaka mmoja au miwili. Ukizitoa hizo mbili, ndipo tuanze kuzungumza kuhusu hisa kwa kile kitakachobaki.

Jambo la pili ni kujua unamiliki nini. Sheria za China haziwaruhusu wageni kumiliki baadhi ya biashara za intaneti, kwa hiyo hisa inayouzwa Hong Kong ni ya kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman. Kampuni hiyo ina mikataba na makampuni ya ndani ya China, ambayo kwenye makaratasi wenyewe ni raia wa China, Ma Huateng akiwa mmoja wao, na kwa mikataba hiyo faida inatiririka mpaka kwako. Utaratibu huu umedumu kwa zaidi ya miaka 20, na makampuni mengi makubwa ya China yanautumia. Hata hivyo ni mkataba, kama vile mtu anavyokupa haki ya kuvuna minazi yake bila kukupa shamba, na siku serikali ikiamua kuutazama upya, wewe na mimi hatuna baraza la kwenda kulalamika. Ongeza juu yake kwamba Januari 2025 wizara ya ulinzi ya Marekani iliiweka Tencent kwenye orodha yake ya makampuni inayoyahusisha na jeshi la China. Kampuni ilikana, na orodha hiyo peke yake haimzuii mtu kuinunua, lakini bei ilianguka siku hiyohiyo. Desemba 2023 ilikuwa imeshuka kama asilimia 12 kwa siku moja, kwa sababu ya rasimu tu ya kanuni za michezo ambayo baadaye iliondolewa. Sisemi kwamba kampuni ni mbovu. Mwaka 2024 ilitumia zaidi ya dola bilioni 100 za Hong Kong kununua hisa zake yenyewe, na gawio lake la mwaka huo lilikuwa dola 4.50 kwa kila hisa, na kampuni iliyofilisika haifanyi hivyo. Ninachosema ni kwamba kampuni inaweza kufanya kazi nzuri na bei yake ikaporomoka kwa sababu ambazo hazimo kwenye hesabu zake.

Sasa, kwa akiba yako ya pauni 6,000 kuna hesabu nyingine rahisi. Kwa bei ya dola 600, fungu moja la hisa 100 ni dola 60,000 za Hong Kong, ambazo ni karibu pauni 5,800. Maana yake ni kwamba, ukitaka kupitia Hong Kong moja kwa moja, ama unaweka karibu yote ama huweki kitu.

Njia ya pili inapita huku kwetu Uholanzi, nayo ina historia inayotuhusu Waafrika. Mwaka 2001 kampuni ya Naspers ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1915 kama kampuni ya magazeti na ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mmiliki wa DStv tuliyokuwa tukiilipia kila mwezi ili tuone mpira, ilinunua asilimia 46.5 ya Tencent kwa dola milioni 32 za Marekani. Wakati huo Tencent ilikuwa na watumiaji wengi na haijui itapata fedha wapi. Mwaka 2018 Naspers iliuza asilimia 2 tu ya Tencent ikapata karibu dola bilioni 10, na mwaka 2021 zikauzwa asilimia 2 nyingine kwa zaidi ya bilioni 14. Kuhusu DStv, kampuni yake ya MultiChoice ilitengwa Februari 2019, na Septemba mwaka huohuo mali za nje, Tencent ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote, ziliwekwa chini ya Prosus, iliyoandikishwa soko la Amsterdam.

Ukinunua Prosus unaweza kununua hisa moja tu ukipenda, kwa euro, na ndani yake unapata kipande cha Tencent pamoja na iFood ya Brazil inayopeleka chakula, OLX ya matangazo ya kuuza na kununua vitu, na biashara nyingine za chakula na malipo. Kwa muda mrefu bei ya Prosus imekuwa chini ya thamani ya vitu inavyomiliki, na wengine huona kwamba hiyo ni bei ya chee. Mimi nakuonya usiifurahie haraka. Pengo hilo lina sababu zake: unalipia uongozi mwingine juu ya ule wa Tencent, kuna kodi katikati, na si wewe unayeamua lini Tencent iuzwe. Tangu mwaka 2022 wamekuwa wakiuza Tencent kidogo kidogo ili wanunue hisa zao wenyewe, na sehemu yao sasa iko chini ya robo. Pia gawio la makampuni ya Uholanzi kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 15 huku kabla halijakufikia.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitumia mimi tangu yaliyonipata, nayo ni mfuko wa pamoja wa hisa za nchi zinazoinukia. Tencent imo humo miongoni mwa kampuni kubwa kabisa, lakini pamoja na mamia ya nyingine za India, Taiwan, Brazil na kwingineko. Huko ndiko kwenye ule usalama wa wingi ambao mwenzako aliutafuta ndani ya kampuni moja.

Kwa upande wako Uingereza, chochote utakachonunua kinunue ndani ya akaunti ya ISA ya hisa. Unaruhusiwa kuweka hadi pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi, ambao unaisha tarehe 5 Aprili, na faida pamoja na gawio lililomo humo havitozwi kodi ya Uingereza. Muulize dalali wa hisa ada zake zote kwa maandishi, hasa makato ya kubadilisha pauni kuwa euro au dola, kwa sababu makato hayo hayaandikwi kwa herufi kubwa na kwa mtu wa kiasi kidogo ndiyo yanayouma.

Kutoka Muscat, Jumanne mchana

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Nimesoma kwa makini, na nina nyongeza moja kwa wale kati yetu wanaotaka fedha yao iwe safi kisheria ya dini. Wingi wa biashara ndani ya kampuni moja, ambao kwa wengine ni sifa, kwetu ni kazi ya ziada, kwa kuwa kila tawi linahitaji kutazamwa peke yake: mikopo yenye riba iko upande gani, michezo ina nini ndani yake, muziki na burudani vinachukua sehemu gani ya mapato. Vigezo vya AAOIFI, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, ambavyo vinafuatwa na mifuko mingi huku Ghuba, vinataka deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5, na hata hayo yaliyo chini ya kiwango mwenye hisa anatakiwa ayatoe sadaka bila kunuia thawabu. Jibu la mwaka jana halitoshi mwaka huu, maana hesabu hubadilika. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Namshauri kila mmoja apeleke hesabu za kampuni kwa anayemwamini kabla ya kununua, kuliko kuuliza baada ya gawio kuingia.

Kutoka Minneapolis, Jumanne jioni

Habari zenu nyote. Kwa tulio Marekani, Tencent inauzwa kama stakabadhi inayowakilisha hisa, nje ya masoko makuu, kwa alama ya TCEHY, na hainunuliwi kwa mafungu. Hiyo ni sehemu rahisi. Sehemu inayowanasa watu ni hii: mkazi wa Marekani mwenye akaunti za fedha nje ya nchi, ambazo jumla yake ilivuka dola 10,000 hata kwa siku moja ndani ya mwaka, anatakiwa azitangaze kwa fomu ya FBAR, na hesabu hiyo inajumlisha akaunti ya dalali wa Hong Kong pamoja na ile ya benki ya Nairobi au Dar es Salaam ambayo wengi wetu tunaifungua kwa ajili ya ujenzi. Kutangaza hakukudai kodi. Kutokutangaza kuna faini kubwa, na nimewaona watu wazima wakilia kwa jambo ambalo lingewachukua nusu saa.

Kutoka Leicester, Jumatano usiku

Wazee wangu na kaka zangu, nimesoma kila neno, mengine mara mbili wakati wa mapumziko ya zamu.

Nimekaa na daftari. Ada ya mdogo wangu kwa miaka miwili na vifaa vyake vya bweni nimeviweka pauni 1,400. Msingi wa Kibaha, kwa makadirio aliyonipa fundi, ni pauni 3,200. Jumla ni 4,600, na hizo nimezihamishia leo kwenye akaunti ya akiba ya kawaida ambayo sitaigusa mpaka mwezi wa saba. Nimebakiwa na pauni 1,400, na katika hizo nimetenga 500 za dharura, kwa sababu sote tunajua simu ya saa tisa usiku kutoka nyumbani ikoje.

Zilizobaki ni pauni 900. Mwenzangu wa kazini alisikitika kidogo nilipomwambia kwamba sitanunua fungu la Hong Kong, lakini nilipomweleza habari ya msumari mmoja alinyamaza, kisha akaniuliza nani aliyenieleza hivyo. Nitafungua ISA ya hisa, niweke 600 kwenye mfuko wa nchi zinazoinukia, na 300 ninunue Prosus, maana nataka kuifuatilia kampuni hii kwa macho yangu mwenyewe na kujifunza kusoma hesabu zake. Madalali wawili niliowaandikia kuhusu makato ya kubadilisha pauni, mmoja amenijibu kwa maandishi na wa pili amenitaka nimpigie simu. Nitakwenda na aliyeandika.

Kaka wa Rotterdam, mpe mama wa Tanga salamu zangu. Saa mbili naingia zamu.